Jibini ya Madame Henriette

Usiniulize nina nini leo. Muulize Ruphin, maana Kiswahili chake kimenimaliza.

Mimi ni Lulu, wa Muheza, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikikata na kuuza jibini za Kitaliano kwenye ghala la Mzee Anselmo hapa Mobeni. Kabla ya hapo nilikuwa napanga sandali chini kwenye lami katikati ya Durban, nazikusanya na kukimbia kila askari wa manispaa wanapotokea. Kwa hiyo nilipopewa aproni nyeupe na kisu changu mwenyewe, nilijifunza kama mtu anayekimbizwa. Wenzangu wa nyumbani wakija kunisalimia huziba pua, wananiambia dada, hiki kitu kimeoza. Hakijaoza, kimeiva. Ile michirizi ya kijani kwenye gorgonzola ni ukungu uliotiwa makusudi, na ukiiweka karibu na wenzake itawaambukiza wote. Taleggio inanuka soksi za dereva wa lori, lakini ndani ni laini, tamu. Pecorino ni ya maziwa ya kondoo, kavu, ina chumvi yake. Na zote ukizifunga kwenye nailoni zinatoka jasho na kuharibika, zinataka karatasi. Nimeyasema haya kwa wateja hadi nayaota.

Ila wateja wenyewe wako wapi? Watu wa hapa wanataka cheddar ya njano, basi. Mwezi uliopita Mzee Anselmo aliniita akaniambia bila kuzunguka kwamba kuna mtu wa samaki anataka kukodi chumba chetu cha baridi. Madame Henriette, mnunuzi wa hoteli moja kubwa kule ufukweni, angekuja Ijumaa kuonja. Akizipenda, jibini inabaki na mimi nabaki. Asipozipenda, chumba ni cha samaki, na samaki wa kwenye maboksi hawana haja na Lulu.

Ijumaa yenyewe ndiyo leo.

Miadi ilikuwa saa kumi. Nilikuwa nimeshakata vipande vya kuonja, nimevifunga karatasi, viko kwenye friji ya mbele. Ningevitoa saa tisa. Jibini ya baridi haina ladha, jamani, mafuta yamelala, harufu imelala, unatafuna mshumaa. Inataka ikae mezani saa nzima ndipo iamke. Hilo hata usingizini ningelifanya.

Mchana simu ikalia. Ni Ruphin, dereva wetu mpya, Mkongo wa Lubumbashi, yuko bandarini alikokwenda kuchukua mzigo. Anapiga kutoka kwenye kibanda cha simu, malori yananguruma nyuma yake.

"Dada Lulu, nimeona Madame huku," akasema. "Fromage yake yote, itoshe mu frigo sasa hivi."

Sarafu ikamwishia, simu ikakatika.

Fromage ni jibini, frigo ni friji, hayo nimeshayazoea. Itoshe? Kwani anakuja na watu wangapi? Nikajua tu amemwona Madame na msafara wa wageni, ananionya kwamba nilichokata ni kidogo. Fikiria, nilimshukuru moyoni. Nikafungua pecorino nzima ambayo haijaguswa, nikakata. Nikaongeza taleggio, nikaongeza gorgonzola kwenye boksi lake, nikajaza friji mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa na goti. Itoshe, ati.

Haikupita muda, gari likaingia uani. Madame Henriette, peke yake, funguo mkononi. Akasema amemaliza mapema mambo yake ya bandarini, na yule dereva si ameshatuarifu kwamba anakuja moja kwa moja? Nikatoa vile vipande. Taleggio ilikuwa imekaza hata kisu kinaigomea.

Akaonja moja, akaonja ya pili, akatafuna kwa adabu. Nikamwomba, "Madame, tafadhali nisubirie kidogo tu, zipate joto." Akatabasamu.

"Mpenzi wangu, wageni wa hotelini kwangu hawasubirii jibini," akasema. Akampa mkono Mzee Anselmo, akamwambia pole pole kwamba amesikia chumvi tu, akaondoka. Mzee akaingia ofisini na kufunga mlango.

Ruphin akarudi na lori lake, anapiga mluzi. Nikamngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Ulitosha fromage?" akauliza.

"Ilitosha, Ruphin. Ilitosha na kusaza."

Akaenda mezani, akagusa kipande kwa kidole. "Mbona iko baridi? Nilikuambia itoshe mu frigo."

"Ndiyo, itoshe. Nikaiongeza."

"Kuongeza nini, Dada? Kutosha." Akafungua friji, akashika boksi kwa mikono miwili, akalivuta nje na kuliweka mezani. "Hivi. Kwetu hii ndiyo kutosha."

Kutoa. Alikuwa anasema kutoa. Nilitamani kumpiga na pecorino. Nchi jirani, ziwa moja katikati, na mtu anashindwa kutamka toa. Nikamwambia Kiswahili chake kimenifika hapa, shingoni. Akanijibu kwamba sisi Watanzania tunadhani Kiswahili kilizaliwa jikoni kwetu. Nikamuuliza kwa nini hakuanza na habari ya Madame kuja mapema. Akasema angeanza nayo, ila sarafu ilikuwa moja, akaona bora aseme la muhimu kwanza. Tukaendelea kubishana, joto la bati likituchoma utosini, mpaka sauti zikakauka.

Tulipotulia ndipo nikaisikia harufu. Nikageuka. Taleggio ilikuwa imelegea, inateremka taratibu kwenye karatasi. Gorgonzola inang'aa. Nikakata kidogo, nikaweka ulimini, ikayeyuka, tamu, nzito, na chumvi yake ikaja mwisho kabisa, pale inapotakiwa. Sitadanganya, nililia. Nililia kwa hasira mbele ya Ruphin, na yeye akavua kofia akatazama chini.

Mzee Anselmo akatoka ofisini. "Nimempigia Madame," akasema. "Ameshaagiza jibini kutoka Johannesburg." Kisha akaona meza. Akajikatia kipande cha taleggio, akatafuna amefumba macho, akakata kingine.

"Hii angeichukua," akasema.

Akafuta vidole kwenye suruali. Akatuambia samaki wanaingia Jumatatu, kwa hiyo chumba kianze kugandisha leo. Swichi ya baridi iko karibu na mlango, na tangu niajiriwe Mzee hamruhusu mtu mwingine kuigusa ila mimi, anasema wengine wataigandisha jibini na kuiua. Akasimama ananingoja. Nikaenda, nikaizungusha mpaka mwisho.