Kapita wa Nyumba Yetu

Kabla ya yote nakiri kosa langu, kama masista wa shule ya bweni walivyonifundisha: niliandika jina la mbwa katika karatasi ya serikali. Sijatubu.

Mbwa huyo aliitwa Kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwa sababu tangu ujana wake alipenda kusimama uani akitazama wengine wakifanya kazi. Mwaka ule wa 1956 alikuwa na miaka kumi na minne, sawa na mimi, ila yeye alikuwa ameitumia vizuri zaidi. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, miguu ya nyuma ilikataa amri, na kikohozi chake kilijulikana nusu ya mtaa wetu wa Kadutu. Kila asubuhi ya likizo nilimpitishia kitenge kikuukuu chini ya tumbo na kumwinua nyuma, naye akatembea kwa miguu ya mbele hadi kwenye migomba akojoe, mtukufu kama askofu anayeshikiwa vazi. Kisha Mama alimkanda nyonga kwa mawese ya vuguvugu, nami nikamlisha uji wa mtama kwa kijiko. Akikojoa ndani, na alikojoa kila siku, tulisugua sakafu kwa majivu na hakuna aliyemtukana.

Shida ililetwa na karte. Papa yangu, Barthélemy, karani mwenye tai mbili, alikuwa anaomba ile karte ambayo wazungu waliwapa Waafrika walioonekana kuwa wastaarabu. Komisyo, yaani wakaguzi wa kizungu, ingekuja Alhamisi kukagua meza, vitanda, jiko na choo. Jumapili akaja Tonton Donatien, mwenzake wa kazini, ambaye karte yake ilikuwa tayari mfukoni. Alituazima furusheti sita, zile uma za kulia mezani, na ushauri mmoja.

"Barthélemy, ile imbwa ikibaki humu, bataandika sisi wote ni basenji. Mutu mustaarabu halale nyumba moja na imbwa."

Nikauliza, kwa adabu zote, kuhusu yule madame wa La Botte, mtaa wa wazungu, ambaye mbwa wake hukaa kiti cha mbele cha gari na boyi wake nyuma: yeye karte alipewa na nani? Papa akanituma kuosha vyombo. Nikiwa jikoni niliwasikia wakipatana kwamba Jumatano polisi atakuja na bunduki. Papa alisema "sawa". Nilichungulia: alikuwa anautazama ukuta.

Sasa, ilikuwapo fomu ya kujaza, na Papa alitaka ijazwe kwa mkono wangu, maana masista walikuwa wamenipa mwandiko kama wa kitabu. Jumatatu niliandika Papa, Mama, na mimi Eulalie. Chini kulikuwa na nafasi ya wengine wanaoishi nyumbani. Nikaijaza kwa Kifaransa safi: "Kapita, mzee na mgonjwa. Ametumikia familia miaka kumi na minne. Hanywi pombe. Hana mke wa pili." Papa alisoma jina lake mwenyewe tu, akalipenda, akatia sahihi, akaipeleka.

Jumanne wakati wa kula nikamweleza. Nilimwambia kwamba serikali inajua tuko wanne. Komisyo ikikuta watatu, itauliza wa nne yuko wapi, na karani aliyetia sahihi atajibu kwamba amempigisha risasi jana yake. Mama alisimama ghafla kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Papa alisema nitarudi shuleni kwa miguu, na kwamba Alhamisi atawaambia ni mchezo wa mtoto.

Jumatano polisi alifika. Mama alisimama mlangoni na mtwangio, akamwambia kwamba huyu ameandikwa kwa serikali. Polisi aliogopa kila kitu kilichoandikwa. Aliomba maji, akanywa, akaenda.

Alhamisi waliingia wazungu wawili, na Tonton Donatien nyuma yao. Walifunua sufuria, wakahesabu vitanda, wakanusa choo. Kisha mkubwa wao akafungua fomu, akatabasamu. Alisema ni jambo zuri sana, familia inayomtunza mfanyakazi mzee.

"Kapita iko wapi?"

Tonton Donatien alikagua dari. Nami nilikuwa nimeshaandaa uso wa toba, nikingoja Papa aseme ni mchezo wa mtoto. Nyuma ya pazia, mahali alipofichwa, Kapita akakohoa.

Papa akaenda mwenyewe, na tai yake shingoni, akapitisha kitenge chini ya tumbo, akamleta polepole mpaka katikati ya salon.

"Ni huyu, Bwana."

"Hii iko imbwa."

"Ndiyo, Bwana. Bibi yangu alilala mugonjwa ku lopitalo miezi mbili, na mie nilikuwa safari ya Shabunda. Ni huyu alilala mu mulango, akichunga huyu mutoto. Mumuandike ao mumufute, lakini humu hatoke."

Mzungu alifunga jalada. Akasema mtu asiyejua tofauti ya binadamu na mnyama bado hajawa tayari. Papa akajibu kwamba tofauti anaijua sana. Jumapili alikuwa ameisahau, leo ameikumbuka. Alisema hivyo bila kuachia kitenge.

Karte hatukupata. Tonton Donatien aliziomba furusheti zake palepale, akazihesabu mara mbili.

Jioni tulikula bugali kwa mikono. Papa alivua tai, akafinyanga tonge la kwanza, akalichovya kwenye mchuzi wa ndagala, akalipitisha chini ya meza, ambako lilipokelewa kwa heshima. Halafu akatangaza, kwa sauti ya komisyo, kwamba kuanzia kesho zamu ya kitenge ni yake.

"Na majivu?" Mama akauliza.

"Majivu ni ya Eulalie. Anajua kuandika, ajue na kusugua."