Kasoro: Wino kwenye Jalada

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, binti alipima nafasi iliyokuwepo kati ya visigino vya baba yake na godoro. Alipima kwa shubiri, maana utepe wa kupimia ulikuwa kwenye cherehani ya mama yake na haukuruhusiwa kutoka hapo. Jumatatu hiyo ilikuwa shubiri saba na vidole viwili, sawasawa na Ijumaa. Soko lilikuwa limelala.

"Hakuna jipya," alisema. "Baba, leo unaweza kunywa chai mezani. Tutakufunga mkanda tu."

"Mkanda ule unanibana tumbo," akajibu baba yake, amelala hewani, blanketi likining'inia pande zote mbili kama kitambaa cha meza.

"Tumbo ndilo linaloubana mkanda," mama akasema kutoka jikoni.

Baba alikuwa mchoraji. Ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, na huko ndiko alikomchora Shangazi Radi, mwanamke mnene mwenye mkoba aliyenyanyua mabasi kwa mkono mmoja na kuwasema wezi mpaka wakalia. Mwenye kiwanda alimlipa kwa kurasa, kama mtu anavyolipia matofali, na kwenye jalada akaweka jina lake mwenyewe: mtunzi na mchoraji. Mwenye kiwanda hakuweza kuchora hata yai. Mchoraji wa kweli wakamwita Wino, kwa kuwa vidole vyake havikutakata hata siku moja, na jina hilo likamkaa vizuri kiasi kwamba mke wake aliacha kulitumia lile jingine.

Kiwanda kilikufa. Watoto waliokuwa wakizisoma katuni zile chini ya madawati wakakua, wakapata fedha, wakaanza kuzitafuta. Siku hizi kitabu cha katuni cha zamani hakisomwi. Hupelekwa kwa mkaguzi, akakichungulia kwa lenzi, akakipa daraja kati ya moja na kumi, kisha kikafungiwa ndani ya kasha la plastiki gumu lisilofunguka, lebo juu yake. Kikishafungiwa humo, kinachosomwa ni bei. Kufuatilia bei hizo, mnada kwa mnada, ndiyo ilikuwa kazi ya binti katika nyumba ya mnada iliyokuwa mkabala na benki.

Mara ya kwanza toleo la kwanza la Shangazi Radi lilipouzwa kwa bei ya pikipiki, Wino alikuwa akila chakula cha mchana. Sahani ilibaki mezani, yeye akapanda. Daktari alimpima shinikizo la damu, akasema liko sawa, apunguze chumvi. Tangu hapo bei ilipopanda naye alipanda, ilipoteremka naye aliteremka. Kwa kuwa bei za vitu hivyo haziteremki mara nyingi, familia ilinunua mkanda, halafu kamba.

Wino hakudanganyika. Wauzaji walitangaza bei za ndotoni, hakutikisika. Bwana mmoja alimuuzia shemeji yake nakala kwa bei ya gari ili soko liamini, magazeti yakaandika, Wino akabaki palepale akijikuna goti. Lakini nyundo ya dalali ilipogonga kwa mauzo ya kweli, hata katika mji wa mbali, alinyanyuka kabla habari haijafika. Ofisini walisema dada huyu ana pua ya soko. Hakuwaeleza kwamba pua hiyo ilikuwa nyumbani, imefungwa kwenye kiti.

Jumatatu hiyo binti alikuta kasha moja juu ya meza yake, la mnada wa Jumamosi. Ndani yake alikuwemo Shangazi Radi, toleo la kwanza, basi begani. Chini ya gurudumu la basi palikuwa na neno limeandikwa kwa mkono: Wino. Mkia wa W ulizunguka neno zima na kurudi ulikoanzia.

Binti alikijua kitabu hicho kwa kusimuliwa. Ndiyo nakala iliyotangulia kutoka mtamboni, na Wino aliitia sahihi ingali ya moto, akampa mchumba wake. Mchumba akawa mke, mke akawa mama, na mtoto alipolazwa kwa homa ya mapafu mama alikiuza kitabu, akanunua dawa. Mtoto huyo sasa alikuwa amekishika.

Akasoma lebo. Daraja: nne. Kwenye mstari wa mchoraji palikuwa na jina la mwenye kiwanda. Kwenye mstari wa mwisho paliandikwa: Kasoro: wino kwenye jalada.

Akalibeba kasha mpaka chumba cha mkaguzi.

"Huu si wino," alisema. "Ni Wino."

Mkaguzi alivua miwani. "Dada, umesema si wino, halafu ukasema ni wino. Nishike lipi?"

"Wino wa herufi kubwa. Ni mtu. Ni baba yangu, na hiyo ni sahihi yake."

"Mimi nimeona neno wino, limeandikwa kwa wino. Nikaandika wino. Ulitaka niandike maziwa?"

"Nataka uandike kwamba ndiye mchoraji."

"Sahihi ikitiwa mbele ya mfanyakazi wetu, ni sahihi, inapandisha daraja," mkaguzi akasema kwa upole. "Ikitiwa bila shahidi wetu, ni uchafu, inashusha. Sikuitunga mimi."

"Shahidi alikuwepo. Mama yangu."

"Mama yako tunamheshimu sana. Lakini si mfanyakazi wetu."

"Basi baba akija akatia sahihi mbele yako?"

"Nitalinganisha. Zikifanana nitasema zimefanana. Mimi si mtu mbaya."

Jioni binti aliyasema yote hayo nyumbani. Wino alisikiliza akiwa amefungwa kitini, kikombe mkononi.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi ni doa," alisema.

"Doa lenye daraja la nne," mama akasema, ila hakucheka.

"Sitaki fedha zao. Nataka herufi moja. W kubwa. Na wanitoe mstari wa chini wanipeleke mstari wa juu, panapokaa mchoraji. Jumamosi nakwenda."

"Nami nakwenda," mama akasema. "Kitabu kilikuwa changu."

Jumamosi mchana walimtoa kwa kamba ya kuanikia nguo, fundo la kwanza kiunoni, la pili kwenye kiganja cha mama. Wino alielea juu ya vichwa vya watu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Mtaa haukushangaa. Muuza viatu alimwuliza kama huko juu kuna upepo. Wino akamjibu kwamba upo, na kwamba paa la kibanda chake limetoboka upande wa nyuma, akalitazame kabla ya mvua.

"Mzee, ahsante sana!" muuza viatu akapaza sauti. "Ukiona na wateja, waelekeze huku!"

Mlangoni mlinzi aliuliza kama mzee anahesabiwa mgeni au mzigo. Mama alimtazama. Mlinzi akaandika mgeni.

Ukumbi ulikuwa umejaa, na dari yake ilikuwa nyeupe na ya juu sana, yenye dirisha moja la kioo katikati. Wino aliwekwa juu ya kiti cha mstari wa mbele, mama akimshikilia kwa kamba.

"Mzee wangu, samahani," dalali akasema, "sogea kidogo kushoto. Unawakinga wa nyuma."

Wino akasogea. Shangazi Radi akaletwa, akawekwa juu ya kitambaa cheusi. Dalali alisoma lebo kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya ndoa: daraja la nne, mchoraji fulani, kasoro wino kwenye jalada.

"Kasoro iko hapa!" Wino akaita. "Imekuja yenyewe!"

Watu walicheka, na mmoja wa nyuma akapiga makofi. Dalali aliinama kidogo kwa heshima, akafungua mnada.

Walianza wengi, wakabaki wawili: tajiri wa saruji na daktari wa meno. Waliipita bei ya basi. Waliipita nyumba yenye bustani. "Daktari, usikate tamaa, ng'oa!" dalali alisema, na daktari akang'oa tena, wakaipita nyumba ya ghorofa. Wino hakutikisika hata kidogo, kwa sababu nyundo ilikuwa bado. Binti, aliyesimama pembeni na kalamu yake, ndiye aliyekuwa akiona kinachokuja. Hakuna Shangazi Radi aliyewahi kufika nusu ya hapo. Alimtazama mama yake, akatikisa kichwa: kamba haitoshi.

Mama alimwinamia mumewe. "Nishike au niachie?"

Wino alitazama kasha juu ya kitambaa, akatazama dari.

"Achia, mke wangu."

Mama akafungua fundo la kiganjani taratibu, asiumize kucha, na nyundo ikagonga.

Wino alipaa. Hakupaa kwa pupa. Alipanda kama lifti ya jengo zuri, mgongo umenyooka, kamba ikimfuata nyuma kama mkia wa ile W. Dalali aliinua mikono, akasema, kama alivyozoea kusema kwa mauzo makubwa, kwamba bei imepaa. Hakuna aliyempinga.

"Mwanangu!" Wino akaita, bega lake moja likiwa limeshagusa dari. "Nirushie kalamu nene!"

Binti alichukua ile ya kuandikia namba za makasha, akairusha kwa nguvu zake zote. Ikafika.

"Bwana mkaguzi! Wewe ni mfanyakazi wa nyumba hii?"

"Ni mimi, mzee," mkaguzi akajibu, akisimama.

"Unaniona vizuri?"

"Nakuona."

"Basi shuhudia!"

Akaanza na W. Ilikuwa kubwa kama mlango, nyeusi, na alipoiandika ukumbi mzima uliinua shingo. Kisha i, kisha n, kisha o. Mwisho akakamata mkia, akauzungusha, akijisukuma darini kwa kiganja, akapita juu ya tajiri wa saruji, juu ya daktari wa meno, juu ya dalali na kimeza chake, mpaka mkia ukarudi ulikoanzia. Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti. Mama alikuwa akipiga vigelegele, viatu mkononi, na dalali, kwa mazoea tu, akagonga nyundo.

Mkaguzi alikwenda mezani, akaweka lenzi juu ya kasha, akachungulia. Akainua kichwa akatazama darini. Akachungulia tena. Ukumbi ulitulia ukimsubiri.

"Zimefanana," alisema. "Mkono ni mmoja. Aliyeandika hapa ndiye aliyeandika pale, na ndiye aliyechora basi."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka benki, nao wakafunga madirisha yao. Mkaguzi alisubiri ziishe.

"Ila kasha limeshafungwa," akaendelea. "Kulifungua ni kukiharibu. Lebo itabaki kama ilivyo, labda mnunuzi atake vingine."

"Nimenunua na lebo yake," tajiri wa saruji akasema, akitafuta koti lake. "Nisingependa iguswe."

"Na mimi je?" Wino akauliza kutoka juu.

"Wewe hongera sana," tajiri akasema, na alisema kwa moyo mweupe.

Ukumbi ulikuwa na joto. Mlinzi alichukua upondo wake mrefu akafungua dirisha la darini kama afanyavyo kila Jumamosi, na Wino akatokea hapo, jua likiwa bado kali.

"Kula utakula wapi?" mama akaita.

"Mtaniletea kwenye paa! Msisahau chumvi!"

Fedha zilikwenda kwa aliyekileta kitabu mnadani, na nyumba ya mnada ikakata sehemu yake. Familia haikupata hata nauli. Mama na binti walirudi kwa miguu, kamba aliyoiangusha Wino dirishani ikiwa imekunjwa ndani ya mkoba, na njia nzima watu waliwasimamisha kuwapa mkono. Wiki iliyofuata mtu wa bima alikuja kulithamini jengo la mnada. Alitazama dari kwa muda mrefu, akapunguza thamani kidogo, na kwenye mstari wa kasoro akaandika: wino darini. Binti alimwomba aweke herufi kubwa. Akasema fomu yake haina nafasi ya mambo hayo.

Tangu hapo bei haijateremka, wala Wino. Upepo ulimsogeza mpaka katikati ya mji, ukamsimamisha mbele ya jengo refu kuliko yote, la yule yule tajiri wa saruji, ambalo upande mmoja ni ukuta mtupu usio na dirisha hata moja. Tajiri alimpelekea barua ya kumzuia. Tarishi alifika nayo ghorofa ya mwisho, akanyoosha mkono usimfikie, akairudisha.

Mama hupanda kila mchana kwenye paa la jengo la jirani na chakula kwenye ncha ya upondo, na binti humfungia ndoo ya rangi. Chini barabarani watu husimama, shingo nyuma, magari yakiwapigia honi na madereva wenyewe wakichungulia. Mkaguzi naye hupita saa ya mapumziko, hutazama juu, huwaambia walio karibu naye kwamba huyo ndiye, kisha hurudi ofisini kuchapa lebo zenye jina la mwenye kiwanda.

Safari hii Wino alitanguliza jina lake, likajaza ghorofa tatu. Ndipo akachora basi, na chini ya basi akaanza bega.

"Hajanenepa huyo!" mama akamwambia kutoka kwenye paa. "Unamchora kama ana njaa!"

"Bado sijamaliza, mke wangu!"

"Basi maliza. Watu wanasubiri waone uso."

Wino akachovya brashi, akajisukuma nyuma kidogo hewani ili aone vizuri, na akamwongezea Shangazi bega mpaka likapita ukingo wa ukuta.