Salamu kutoka Panda

Asubuhi, kabla hata ya kuwasha kompyuta, Rolly alikuwa akikamua kitambaa cha kupangusia sakafu. Chumba cha seva kilikuwa kimelowa tena. Maji yalitoka ndani ya mashine yenyewe, ya kijani kidogo, yenye harufu ya kutu. Mashine haikudhurika. Emérance, mama wa usafi, alishaomba ndoo ya pili, akapewa.

Rolly alitunza seva ya kiwanda kimoja cha kusafisha mawe ya shaba, hapa Likasi. Majirani wenye malalamiko waliyatuma kwa sauti kupitia tovuti. Ili seva isijae, ilipangwa ipokee mega moja ya mwanzo ya kila ujumbe, na kinachozidi kitupwe. Hiyo ni kama dakika moja ya maneno. Fundi aliyeipanga alitoka mbali, kwao mtu huanza na shida yake.

Watu wa Panda, mtaa ulio jirani na kiwanda, hawasemi hivyo. Kutaja shida kabla ya salamu ni kukosa adabu, na Orpha, mmoja wa majirani hao, alilelewa vizuri.

"Bonjour bakubwa. Minye niko Orpha, wa Panda. Bwana yangu Bertin anabasalimia. Mama mukwe, Clotilde, anabasalimia. Mutoto wangu Stéphanie naye anabasalimia sana."

Ikafuata sala fupi, na sala fupi ya Orpha si fupi. Alipofika kwenye kisima kilichoingiwa na maji ya kiwanda, seva ilikuwa imeshaacha kusikiliza. Ofisini zilifika salamu tu. Mkutanoni wakuu walisomewa kwamba uhusiano na majirani ni mzuri mno.

Kilichokatwa ndicho kilichovuja. Rolly alilielewa hilo bila kusumbuka, kwani maji lazima yatokee mahali. Akaongeza kikomo. Orpha alipotuma tena, ujumbe uliingia wote, kuanzia salamu hadi kisima na ombi la lori la maji.

"Mayi ya puits inabadirika rangi. Stéphanie akikunywa, anatapika. Tunaomba camion moja tu ya mayi ya muzuri. Mutoto anaisha."

Chumba cha seva kikakauka siku hiyo hiyo. Rolly aliupeleka ujumbe kwa mkurugenzi, Stanislas, ambaye alikunja suruali na kuusikiliza mpaka mwisho huku maji, ambayo sasa yalijaa ofisini mwake, yakimfika vifundoni.

"Rudisha vile ilikuwa," alisema. "Minye sitaki mayi ku bureau yangu."

"Patron, na ule mutoto?"

"Ulisikia minasema nini."

Rolly naye ana watoto wa kulisha. Alirudisha kikomo kwenye mega moja. Aliona aibu, aibu ya kweli, lakini haikumzuia. Emérance akaletewa ndoo ya tatu.

Stéphanie alikufa Jumapili, kabla ya misa. Waliokuja kilioni walipewa maji ya kisima kile kile, maana mengine hayakuwepo. Inauma kuyasema, lakini walikunywa na kushukuru.

Wiki iliyofuata jibu la kiwanda likaingia kwenye simu ya Orpha, la kwanza tangu aanze kutuma. "Tumepokea salamu zenu kwa furaha. Nasi tunawasalimu baba Bertin na mama Clotilde. Mtusalimie Stéphanie pia."

Orpha alimsomea Bertin, akamsomea Clotilde. Halafu akajifunga kitambaa kichwani, akaenda makaburini kufikisha salamu iliyobaki.