Nati ya Mngoni

Jirani yangu Jairosi Nzima alianza kupigana na nati asubuhi, umande haujakauka, na jua lilipopanda juu ya nyumba za mgodi nati ilikuwa inaongoza. Sikushangaa. Wangoni hujisifu kwamba waliteka nchi zote kutoka kusini hadi kufika hapa Zambia, lakini sijapata kumwona Mngoni akiteka kitu kilichokataa kukimbia.

Mimi ni Mbemba, na Mbemba na Mngoni ni watani. Kumtukana ni haki yangu, kunitukana ni haki yake, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo nilitoa kigoda changu nikakiweka kwenye ua wa michongoma uliopo kati ya viwanja vyetu, nikachukua na ungo wa karanga za kumenya.

Gari lake dogo, ambalo zamani lilikuwa jeupe, lilikuwa juu ya matofali, gurudumu moja la mbele limetolewa. Beringi ya gurudumu hilo ilikuwa ikinguruma tangu mvua za kwanza, mtaa mzima ukajua Nzima anarudi kabla hajafika kona. Kuibadilisha lazima utoe kwanza ile nati kubwa ya katikati inayoshika kila kitu, na nati yenyewe ilikuwa imeganda kwa kutu kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni.

Muda wote huo kelele hazikumsumbua. Sasa alitaka beringi mpya kwa sababu alikuwa anahama. Kaka yake alimpigia simu kutoka Chipata, akamwambia mke amefariki, mgodini umestaafu, unangoja nini huko Luanshya? Rudi nyumbani. Na Nzima, mtu mzima mwenye mvi hadi puani, akaitikia ndiyo kaka, kama mtoto anayetumwa chumvi.

Niliposikia nilisema vizuri, aende, tupumue. Nilisema hivyo kwa kila mtu aliyeniuliza, na kwa wengine ambao hawakuniuliza.

"Mtani," nikamwita, "hiyo nati ingekuwa panya, ungeshaila na mkia wake."

"Na ingekuwa nyani, ungeshakuja na chumvi," akajibu bila kugeuka. "Kaa hukohuko, Mbemba. Hii ni kazi ya wanaume."

"Ndiyo, nawangoja waje."

Akaivuta spana. Ekseli nzima ikazunguka pamoja nayo, naye akazunguka nusu. Akapiga nyundo. Akamwagia oili chafu. Akaitukana kwa Kinsenga, maana lugha yao wenyewe Wangoni waliipoteza kwa wanawake waliowateka. Nati ikatulia palepale, ikimtazama.

"Mtani, umetoa pini?"

Nati ya namna hiyo hupitishwa kipini cha waya kuizuia isilegee njiani. Nzima akavua kofia, akainama. Kipini kilikuwemo. Asubuhi yote alikuwa akihangaika na mlango ambao komeo lake hajalitoa.

"Nilikiacha makusudi," akasema, akikichomoa kwa koleo.

"Ndiyo, kama mlivyotuachia ushindi vitani makusudi."

Nilicheka hadi karanga zikamwagika. Lakini hata bila pini nati haikusogea, na ekseli iliendelea kuzunguka, na sababu ilijulikana hata na kuku wake. Kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja avute, mwingine akae garini akanyage breki. Zamani aliyekanyaga alikuwa marehemu mkewe, Tisauke. Alikuwa akikaa pale na ufumaji wake, mguu kwenye breki, akimsimulia mumewe habari za kanisani. Sasa Nzima aliweka jiwe juu ya breki. Jiwe likaanguka. Akalifunga kwa kamba, kamba ikakatika. Mtaa umejaa miguu, lakini mgane yule hakuwa tayari kuomba hata mmoja. Nilimdharau kwa hilo kuliko kwa ile pini.

Akarudi kuning'inia kwenye spana kwa nguvu zake zote. Spana ikateleza, akaangukia mkono, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma.

"Amka," nikamwambia. "Babu zako wanatazama."

Hakujibu. Mtani hujibu hata akiwa kitandani hospitalini. Nikaweka ungo chini.

"Niache leo, Mama Kasuba," akasema, amekaa kwenye vumbi. "Lazima niende. Kaka anasema mtu hazikwi na wageni."

Wageni!

Mume wangu alipozikwa, nani aliruka kaburini jeneza likiwa bado pembeni, akalala chali na kukunja mikono, akasema hatoki mpaka Wabemba wamlipe jogoo? Nani aliwaambia wachungaji wawili kwamba shimo ni zuri, halina mbu, marehemu atafute lingine? Nilikuwa nimelia hadi sauti ikaisha, na pale pale, juu ya mchanga, nikacheka. Kicheko kile ndicho kilichonirudisha nyumbani kwa miguu yangu. Tangu siku ile nilijua kwamba siku yangu ikifika kuna mtu atakayelala kwenye shimo langu. Huko Chipata wote ni Wangoni. Nani atamtukana maiti wao? Watamlilia kwa heshima mpaka ajute kufa. Na mimi huku nitafukiwa kimyakimya kama kiazi.

Hasira zilinipeleka hadi stoo. Nikarudi na bomba la chuma la marehemu mume wangu, lile refu la mgodini, nikapita penye tundu la ua.

"Unataka kwenda? Nenda! Ingia garini ukanyage breki. Kazi ya kukaa unaiweza."

"Mama Kasuba, wewe ni mwanamke."

"Na wewe ni nini? Ingia!"

Akaingia. Nilivika bomba kwenye mkia wa spana, nikavua ndala, nikapanda juu yake, mkono mmoja kwenye gari. Mwili wangu Mungu aliupakua bila kutumia kipimo. Nikaruka mara moja, nikaruka tena. Chuma kikalia kama mfupa unaovunjwa, bomba likashuka hadi chini nami juu yake. Nikaimalizia nati kwa vidole, ikaja mkononi mwangu, nzito, nyeusi, ya moto kidogo.

Nzima akatoka akipangusa mikono. "Nilikuwa nimeshailegeza," akasema.

Nilifungua pindo la kitenge changu, nikaifunga nati ndani kwa mafundo mawili, mbele ya macho yake.

"Nipe nati."

"Nati ipi?"

"Mama Kasuba!"

"Nimeiteka. Kuteka si mnakujua nyinyi? Njoo ukomboe."

Kitu alichochukua mtani hadharani hakinyang'anywi. Kinakombolewa, na bei anapanga aliyekichukua. Nzima alilijua hilo. Alinitazama, akalitazama fundo, akaninyooshea vidole vyake vilivyochunika.

"Bei gani?"

"Bado nafikiri," nikasema, nikarudi kwenye karanga zangu.

Jioni nilimsikia nyuma ya ua akizungumza na Chipata. "Nati imetekwa na Mbemba, kaka. Ndiyo, ya gurudumu. Nitafanyaje sasa? Ni mtani." Kaka yake, Mngoni hadi kwenye uboho, alicheka hadi nikamsikia mimi niliyekuwa jikoni, akamwambia akomboe kwanza ndipo aje.

Mvua zimekuja zimekwisha. Gari bado liko juu ya matofali na mmea wa boga umeingia palipokuwa na gurudumu. Kila Jumapili Nzima anakuja uani kuidai nati yake kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika, namnyima, anakula karanga zangu, anaondoka.

Nati kama ile zimejaa tele kwenye meza ya muuza vipuri pale sokoni, na bei yake ni ya kuchekesha. Nzima hupita mbele ya meza hiyo kila akienda kununua dagaa, mimi nikiwa nyuma yake na kikapu. Hajawahi kugeuza shingo. Nilishasema, Wangoni ni wajinga.