Weka, Ingia, Toa

Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyenipigia debe kwenye ofisi yao ya kompyuta. Asubuhi ya mtihani alinipa kikaratasi chenye maneno matatu: Weka. Ingia. Toa.

"Usiniangushe," alisema. "Wakikukataa, na mimi sina changu pale. Mkuu ananiangalia kama soli iliyokanyaga kitu."

"Tulia, shem. Leo wataniomba niwafundishe."

Hakucheka. Na huyu hucheka hata akijigonga kidole.

Mkuu alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Watano walikuwa wamenitangulia. Wote walitolewa kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyeaga.

"Kumi na mbili," alisema. "Programu inipe njia zote za kuipata kwa kuzidisha. Moja usiitumie. Dakika ishirini."

Mteremko! Unaweka mbili, unaingia ndani na sita iliyobaki. Unaweka mbili tena, unaingia na tatu. Pakigoma, unarudi ulikotoka ujaribu namba nyingine. Nikaandika weka, nikaandika ingia, na kwenye toa nikaiambia mashine itoe jibu kwenye skrini.

2×2×3
2×2×6
2×2×3×4

Mistari mitatu, kama nilivyohesabu kichwani. Nilishanyoosha kidole kubonyeza "tuma" nikazidisha, kujifurahisha tu. Kumi na mbili. Ishirini na nne. Arobaini na nane. Mbili zangu za mwanzo zilikuwa bado zimekaa humo, zinajaza nyumba.

Nikakitazama tena kikaratasi. Toa. Shemeji hakumaanisha nitoe jibu, alimaanisha niondoe. Ukirudi, toa uliyemweka, ndipo umweke mwingine. Nikaongeza mstari mmoja.

2×2×3
2×6
3×4

"Wengi wanajua kuweka tu," Mkuu alisema, akasimama kufungua mlango wa tatu, ambao sikuwa nimeuona.

Ndani palikuwa na meza moja. Kando yake, boksi. Juu ya boksi, kikombe chenye mkono ulioungwa kwa gundi. Gundi hiyo aliipaka dada yangu, nilimshikia.

"Lakini nimefaulu," nilisema. "Shemeji yuko wapi?"

"Tumemtoa."

"Mmemtoa... kwa maana ipi?"

"Ile uliyoiandika mwisho." Akausukuma mlango ukafunguka wote. "Tumekuweka wewe. Ingia."