Mwenye Nyundo Hajijibu

Valfrid Norling alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha siasa cha wafanyakazi pale Tallnora, Uswidi, kwa miaka thelathini na mmoja, na alikuwa amechoka. Magoti yalichoka, mgongo ulichoka, hata hasira yake ya siasa ilichoka. Asubuhi ile mkewe, Ingegerd, alimwambia huku akimmiminia kahawa kwamba akirudi bado ni mwenyekiti, yeye atahamia peke yake mji wa Umeå kwa binti yao. Hakuwa anatania.

Basi Jumamosi ile ya Machi akaenda kwenye Nyumba ya Watu, ukumbi wa tawi, na jambo moja moyoni: tawi livunjwe, wanachama wahamie tawi la mjini, naye apumzike. Ila asiwe yeye wa kulivunja. Hilo hakuliweza. Baba yake alikuwa mmoja wa walioanzisha tawi, enzi ambazo mfanyakazi wa kiwanda cha mbao akijiunga na chama alipoteza kazi na nyumba ya kiwanda siku ileile. Hata chumba cha kukutania walinyimwa, ndipo wakajijengea ukumbi huu kwa mikono yao, jioni baada ya kazi.

Kisha chama kikashika serikali, kikakaa miaka arobaini na ushee. Pensheni ikaja, likizo ikaja, posho ya watoto ikaja. Watu wakashiba, wakamsahau mpishi. Leo wajukuu wanadhani vitu hivyo viliota vyenyewe kama uyoga, na nani atoke nyumbani kwenda kudai alichonacho tayari? Jamani, kushinda nako kuna adhabu yake.

Waliokuja walikuwa wanne: Rigmor, katibu, mwenye miaka themanini na minne, Sixten, aliyekuwa fundi wa misumeno kiwandani, na dada wawili wa familia ya Edlund, ambao kwa kweli walifuata maandazi ya mdalasini.

"Ndugu mwenyekiti," Rigmor alisema, "ukumbi umefurika. Tufungue madirisha?"

Valfrid alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka, akasoma ajenda mpaka akafika penyewe. Pale Tallnora mambo yaliamuliwa kwa sauti. Mwenyekiti anauliza, wanaokubali wanaitikia ndiyo, anauliza kama kuna anayepinga, kisha anagonga nyundo mezani. Na mwenye nyundo hajijibu.

Akauliza kama mkutano unakubali tawi livunjwe. Kimya. Akauliza tena, polepole, labda hawakusikia. Kimya kilekile. Dada mmoja wa Edlund alikuwa akiokota makombo kwenye sketi yake. Valfrid akauliza kama kuna anayepinga. Hapo pia hakuna aliyefungua mdomo.

Wiki nzima alikuwa amewapigia simu mmoja mmoja, na wote walimwambia hakuna njia nyingine, kwani hakuna aliyetaka kushika kiti chake.

"Sixten, si ulisema unakubali?"

"Kukubali nakubali. Kutamka ndiyo ndiko nisikoweza. Mzee wangu ndiye aliyepigilia misumari ya sakafu hii."

"Na wangu je?"

"Basi unanielewa."

Alimwelewa, na hilo ndilo lililomuuma. Walikuwa wakimngoja yeye, kama walivyomngoja miaka thelathini na mmoja apange viti, abebe bendera Mei Mosi, achemshe kahawa. Bila ndiyo hata moja tawi lingebaki, na yeye angebaki nalo hadi kaburini.

Akainuka, akamwekea Rigmor nyundo mkononi. "Nishikie." Akazunguka meza, akaketi kando ya Sixten, mwanachama wa kawaida.

Rigmor akauliza swali lilelile, neno kwa neno.

"Ndiyo," Valfrid alisema.

Rigmor akauliza nani anapinga. Akina Edlund walikuwa wanalia tu. Rigmor akagonga nyundo taratibu, akaiweka chini, akachukua kalamu yake ya katibu na kuuliza aandikeje.

"Andika kama ilivyokuwa," Valfrid alisema.

Akaandika, kisha akawasomea: tawi limevunjwa kwa kauli moja.