Sentensi Tatu za Mama

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mdomo wangu hauna breki. Wanafunzi wangu wote wanalijua hilo, na mama yangu alilijua kabla yao. Sisimulii ili nihurumiwe. Nasimulia kwa sababu kila nikinyamaza naona kama nadanganya.

Chuo chetu ni cha ualimu. Mwaka ule, darasa la mwaka wa kwanza lilinitoa jasho. Mtihani wa mifululizo ya namba, watu hamsini, waliofaulu tisa. Tisa! Na hao ndio kesho wakafundishe watoto wa watu. Nikafoka, nikagonga meza, nikawaita vichwa maji, nao wakazidi kufeli. Mkuu wa chuo akaniita ofisini, akaniambia kwa upole wake ule unaoudhi, "Mwalimu, kelele si mbinu ya kufundishia."

Siku hizo mama alikuwa amekuja kwangu kutibiwa goti. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamkuta barazani anasuka kikapu. Alianza na chane sita za ukindu kwenye kitako, na kila mzunguko alikuwa akiongeza sita, midomo ikihesabu kimyakimya. Nikamuuliza, "Mama, mzunguko wa ishirini utakuwa na chane ngapi?"

Hakuinua hata macho. "Mia na ishirini. Kwani kuna nini?"

Lo! Kumbe dawa ninayo nyumbani, na mimi nazunguka nayo mbali. Jumanne iliyofuata nikampeleka darasani na mzigo wake wa ukindu. Kijana mmoja wa nyuma akacheka, "Leo tunasomea vikapu?" Mama akamtazama. "Cheka polepole, mjukuu wangu. Ukikosea hesabu, kikapu chako kitakuwa kofia." Darasa zima likaangua kicheko, na tangu dakika ile wakawa wake.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Hakumpa mtu jibu hata siku moja. Ukikosea, anakurudishia kikapu mapajani na kukuambia, "Humu kuna mmoja amekosa nafasi yake. Mtafute." Basi unamtafuta, unafumua, unahesabu upya, na hakuna anayekufokea. Baada ya wiki sita wakafanya mtihani mwingine. Wakafaulu arobaini na mmoja.

Wakaanza kumwita Mwalimu Bibi. Mara ya kwanza kulisikia jina hilo, mama aligeukia ukutani akajitia kutafuta chane. Alikuwa anaona haya kwa furaha. Mama hakusoma. Kaka zake walipelekwa shule, yeye akaachiwa jembe, na mimi nimekua nikimsomea kila karatasi iliyoingia nyumbani kwetu, hata maandishi ya kwenye pakiti za mbegu.

Goti likapona, asiondoke. Kipindi kikiisha alibaki darasani na wanafunzi, eti anawamalizia vikapu, anarudi saa kumi na moja jioni. Nikamtania, "Mama, umepata mchumba chuoni nini?" Akanijibu, "Wewe fuata yako." Nikafuata yangu. Ningalimfuata yeye siku moja tu, hata kwa umbea, haya yote yasingalitokea.

Mkuu wa chuo alifurahi kupita kiasi. Akatangaza Siku ya Mila za Vijijini, kila idara ilete fundi wake, na wageni waje kutoka wizarani waone jinsi ujuzi wa wazee unavyoinua masomo. Mimi nikapewa kazi ya kumtambulisha mama. Siku moja kabla, tukiwa jikoni, mama aliniuliza mara mbili, "Nitapewa nafasi niseme?"

"Dakika tano, mama. Nakutambulisha kwanza, kisha wewe."

"Basi usiseme mengi. Niachie na mimi."

"Haya, mama, nimesikia."

Sikusikia kitu. Kesho yake, chini ya maturubai, mama alikaa mstari wa mbele na gauni jipya, nywele amesukwa, mkononi ameshika kitu cheupe kilichokunjwa. Nikadhani ni leso. Nikapanda jukwaani, nikaeleza habari ya wale tisa waliokuwa arobaini na mmoja. Watu wakapiga makofi. Jamani, makofi ni matamu! Ningeshuka hapo ningekuwa salama. Lakini niliwaona wageni wa wizarani wananisikiliza, nami nikataka washangae zaidi.

"Na mama huyu mnayemwona," nikasema, "hajui kusoma. Hata herufi moja! Mpe barua, ataishika kichwa chini miguu juu!"

Wakacheka, kisha wakasimama kupiga makofi. Nikamgeukia mama nikitabasamu. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akiwatazama wanafunzi wangu kule nyuma, ambao peke yao hawakupiga makofi. Moyoni nikawatukana, hawa watoto hawana adabu. Nikamkabidhi mama kipaza sauti. Akakishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakisukumia kile kitu cheupe kifuani mwake.

"Asanteni," akasema, akaketi.

Wageni walisifu unyenyekevu wake. Asubuhi mama akafunga mizigo, akasema mvua zinakaribia na shamba halijatifuliwa. Nikamsindikiza kituoni huku nikimwambia jinsi mkuu alivyotusifu. Akaitikia kila nilichosema.

Jumanne niliingia darasani, wamekaa na vikapu vyao nusunusu. Kiranja, msichana mpole asiyejua kubishana, akasimama.

"Mwalimu, kwa nini ulisema vile?"

"Vile vipi?"

"Kwamba Bibi hajui kusoma. Anajua. Tumemfundisha miezi mitatu, kila kipindi chake kikiisha. Alitukataza tusikwambie. Alitaka akusomee pale jukwaani."

Akaniletea daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sentensi moja iliyonakiliwa tena na tena, kisha chini yake sentensi tatu, herufi kubwakubwa zenye kutetemeka: *Mimi ni mwalimu wa vikapu. Binti yangu ni mwalimu wa hesabu. Tunafundisha darasa moja.*

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Nililia mbele ya watu hamsini, mimi niliyezoea kuwaliza.

Jumamosi nilikuwa kwa mama. Nilimkuta anapepeta maharagwe, nikapiga magoti palepale kwenye makapi.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Nilishakusamehe, mwanangu. Inuka, utachafua sketi."

Nikampa daftari. "Nisomee, mama. Hata mstari mmoja. Nakuomba."

Akapangusa mikono, akalipokea, akalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Nikaona macho yake yakienda polepole, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka mwisho. Kisha akalifunga, akanirudishia.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Si ulisema mwenyewe?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenifokea. Akaingia ndani kuniwekea chakula, na mpaka naondoka akawa ananiuliza habari za kazi na afya, kama mama yeyote.

Huu ni mwaka wa pili. Chuo kimemwalika tena, amekataa kwa heshima zote. Mwezi uliopita goti lilimrudia nikampeleka zahanati. Karani akamsogezea fomu na kalamu, akamuuliza kwa adabu, "Mama, unaweza kuandika jina lako?"

Mama hakumtazama karani. Alinitazama mimi, kisha akanyoosha kidole gumba. Karani akasogeza kidau cha wino upande wangu, akaniomba nimsaidie. Nikakishika kidole cha mama, nikakichovya, nikakibonyeza kwenye karatasi.